"Doa si limetoka?" Muosha magari wa njia ya Kibirizi kanichuna siti!

Mwisho wa Reli:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Simtaji jina, mnamjua. Kila mwenye gari hapa Mwanga, Kigoma, anamjua: yule wa njia ya kushukia Kibirizi, anayeosha gari huku redio inaunguruma mpaka vioo vinacheza, na kila mteja anamwita "bosi mkubwa".

Leo asubuhi nimemchukua mama mkwe Mwandiga. Kanibebea zawadi, kidumu cha lita tano cha mawese. Kifuniko kikalegea njiani. Kufika Mwanga, siti ya nyuma nyekundu kama imechinjiwa mbuzi. Na siti zangu ni za ngozi, rangi ya maziwa! Gari nimeagiza Japani, nikalisubiri bandarini Dar, nikaliendesha siku mbili mpaka huku, na tangu lifike sijaruhusu mtu ale hata karanga ndani. Mama mkwe akasema "pole mwanangu". Nikajibu "hamna shida mama". Ningejibu nini?

Nikalipeleka kwa huyo bwana. Nikamwambia kwa upole kabisa, hii ni ngozi, tumia kitambaa. Akasema, "Bosi mkubwa, nenda kanywe chai, mawese nimezaliwa nayo." Nikaenda. Chapati mbili na maharage, hata nusu saa haikufika. Narudi, namkuta kapiga magoti juu ya siti yangu, mkono mmoja stiliwaya, ile ile ya kusugulia masufuria, mkono mwingine chupa ya maji iliyokatwa, ndani yake tina. TINA! Ya kuchanganyia rangi ya mageti! Anasugua kama anang'oa ukoko wa sufuria la msibani. Akainua uso, jasho linamtiririka, akatabasamu: "Bosi mkubwa, doa si limetoka?"

Limetoka, ndiyo! Limetoka na rangi, limetoka na utando wa juu, limebakisha kidogo litoke na chesisi! Palipokuwa na doa sasa pana kipara cha kijivu kipana kama sinia, kinakwaruza suruali. Ubavuni mwa siti panang'ang'ania kidole kama ubani uliotafunwa. Nimegusa mara moja, alama ya kidole imebaki pale. Na vile vitundu vidogo vya ngozi vimejaa unga wa chuma wa stiliwaya.

"Doa si limetoka?" Nilikosa neno, wallahi. Halafu akadai elfu kumi badala ya tano, eti kazi ilikuwa nzito! Mke wangu ananiuliza kwa nini sili, nasikia tu ile sauti: doa si limetoka.

Dereva wa Bangwe:
Pole mkuu 😂😂 Ila kidumu cha mawese unakiweka kwenye siti, buti ya kazi gani?

Mwisho wa Reli:
Buti ilikuwa na mkungu wa ndizi na kuku wanne wa mama mkwe. Usinichokoze leo.

Binti Ujiji:
Huyo huyo! Mie mwanangu alichora siti kwa peni, mstari kama unyoya. Akanimwagia dawa ya nguo nyeupe. Wino uko pale pale, siti yote imekuwa ya njano. Nilipolalamika akasema, "Dada, njano ndiyo fasheni."

Fundi Siti Gungu:
Mleta mada, pole. Amekuumiza mara mbili. Gari nyingi za Japani zinazoitwa za ngozi, ngozi ni pale unapokalia na kuegemea tu. Ubavuni na nyuma ni vinaili, ile plastiki inayofanana na ngozi. Ile ngozi imepakwa rangi, na juu ya rangi kuna utando mwembamba wa kuikinga. Tina inakula utando na rangi pamoja. Vinaili nayo ina kilainishi ndani yake, tina inakitoa. Leo inanata, kesho kutwa itakauka ipasuke.

Mawese hayakuhitaji vita hiyo. Unayachota kwa kijiko, hufuti, maana ukifuta unayatandaza na kuyaingiza kwenye mishono. Unamwaga poda ya mtoto au unga wa mahindi juu yake, unaacha usiku kucha unyonye. Asubuhi unapangusa, unachukua povu la sabuni ya vyombo, nasema povu, si maji, na kitambaa laini, unatoka pembeni kwenda katikati. Wekundu ukibaki usipigane nao. Rangi ya mawese inafifia juani, kina mama wanaoanika mashati wanajua. Dada wa Ujiji, wino ni spiriti kidogo kwenye pamba, ujaribu kwanza chini ya siti pasipoonekana, na uache mara pamba ikianza kushika rangi ya siti.

Mwisho wa Reli:
Fundi, ulikuwa wapi saa tatu asubuhi?? Nusu saa! Ningemwaga unga tu nikalale! Sasa inarudi?

Fundi Siti Gungu:
Ngozi inapakwa rangi yake upya. Usije ukapaka rangi ya viatu. Ile vinaili inayonata, kata kipande ushone kingine.

Mgebuka Mkavu:
Rangi ya viatu nilipaka mimi. Mchungaji alipanda gari langu na suruali nyeupe. Sitaki kuongea zaidi.

Mnyamwezi wa Ipuli:
Kigoma mna mateso. Huku Tabora tukimwaga, tunamwaga asali. Kitambaa na maji ya uvuguvugu, imekwisha. Doa lenye adabu.

Binti Ujiji:
Asali ipi, ile mnayoipikia sukari?

Mnyamwezi wa Ipuli:
Dada angalia mdomo! Asali ya miombo hiyo, babu yangu alitundika mizinga kabla ya wewe kuzaliwa.

Dereva wa Bangwe:
Doa si kitu. Mimi nilimpa mtu lifti na kiroba cha dagaa, kikalowa. Mwezi wa tatu huu, paka wa mtaa mzima wanalala juu ya boneti yangu.

Mgebuka Mkavu:
Dagaa wamekauka vizuri hawanuki, mkuu. Umeuziwa wa kuanikwa wakati wa mvua.

Dereva wa Bangwe:
Sikuuziwa, nilitoa lifti! Soma kwanza.

Mwisho wa Reli:
Jamani, siti yangu. Kapiga magoti juu yake. Na stiliwaya.

Binti Ujiji:
Tumesikia kaka. Kuna anayejua fundi cherehani wa kweli hapa Ujiji? Wangu kanishonea gauni la harusi ya mdogo wangu, mkono mmoja unafika kwenye kiwiko, mwingine kwenye kiganja. Anasema nikunje.

Mgebuka Mkavu:
Huyo wa karibu na msikiti? Kanifanyia hivyo hivyo suruali!

Mnyamwezi wa Ipuli:
Mleta mada, swali. Kwenye kile kidumu yalibaki kiasi gani? Nina mtu anapanda treni Kigoma Ijumaa, anaweza kuniletea.

Mwisho wa Reli:
Lita tatu na kidogo.

Mnyamwezi wa Ipuli:
Ni ya mwaka huu? Hayajachanganywa?