Tangazo la utapeli limelipiwa Facebook. Facebook hawahusiki?

mkunguni_lamu
Assalam aleikum. Hapa Lamu linazunguka tangazo la forex (biashara ya fedha za kigeni): weka 5,000, baada ya wiki chukua 15,000. Ukilibonyeza unaangukia kikundi cha Telegram, kisha unapewa namba ya kutuma M-Pesa. Facebook wamelipwa kulisambaza. Hawabebi lawama? Na aliyekwisha tuma aanzie wapi?

wakili_malindi
Waleikum salaam. Aanzie kwenye pesa. Ujumbe wa M-Pesa autume 456 papo hapo, ingawa njia hiyo ni ya aliyekosea namba, na mpokeaji akishatoa pesa hakuna cha kurudisha. Kisha polisi, apewe namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), aende nayo DCI, idara ya upelelezi wa jinai.

Wengi huharibu kwenye ushahidi. Kwa hasira mtu anatoka kikundini na kufuta kila kitu. Usitoke! Fungua Ad Library, maktaba ya matangazo ya Meta (kampuni yenye Facebook), chagua Kenya na matangazo yote, andika jina la ukurasa, unakili namba ya tangazo na tarehe lilipoanza. Tangazo la biashara likizimwa huku kwetu, humo nako halionekani tena. Simu yenyewe usiiuze: picha zake mahakamani zinadai cheti cha ushahidi wa kielektroniki, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi.

bi_langoni
Orodha ya madalali wa forex wenye leseni iko kwenye tovuti ya CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji. Lakini jina kuwemo si kinga, matapeli huazima jina la kampuni halali. Linganisha anwani ya tovuti herufi kwa herufi.

mkunguni_lamu
Shukran. Na Facebook je?

wakili_malindi
Sheria yetu ya makosa ya mtandao ya 2018 inamkamata tapeli. Kumfikia aliyemkodishia ukuta, yaani Facebook, ni kazi nyingine. Uingereza, sheria ya 2023 imeiandikia mitandao mikubwa wajibu wa kuzuia matangazo ya utapeli yaliyolipiwa. Novemba 2025 Reuters walitoa habari za hati za ndani za Meta: mtangazaji hufungiwa pale mfumo wao unapokuwa na uhakika wa 95% kwamba ni tapeli; akishukiwa chini ya hapo, hutozwa bei ya juu zaidi. Yaani shaka ipo, na bei inapanda! Na Meta kujitetea kwamba "Tuko Marekani" hakutoshi: Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema inaweza kusikiliza kesi dhidi ya Meta, ile ya machapisho ya chuki kuhusu Ethiopia.

Shida ni kuthibitisha kwamba walijua. Kwa hiyo ripotini tangazo lenyewe kwa zile nukta tatu, si ukurasa tu, kila mmoja kwa akaunti yake, na mhifadhi jibu lao pamoja na tarehe. Likiendelea kuonekana baada ya hapo, lipigeni picha tena.