Baa ya mtaani haibakizi kitu mwisho wa mwezi, nianze kurekebisha wapi?

Mwanakaunta
Wakuu, naomba ushauri. Nimekabidhiwa usimamizi wa baa ya mtaani yenye viti 48, mabomba 4 ya bia ya pipa, bia za chupa aina 14 na pombe kali aina 31. Ijumaa na Jumamosi panajaa, siku nyingine meza tatu au nne tu. Kodi, mishahara na umeme vikishalipwa, droo ni nyeupe. Mwenye mali anataka skrini kubwa, rangi mpya na punguzo la robo bei kila jioni. Nianze na lipi?

Stoo_Kwanza
Mkuu, usianze na lolote kati ya hayo matatu. Baa inayojaa siku mbili kwa wiki na bado haiachi kitu inavuja, na wateja wapya watavujia palepale.

Chagua siku moja ya wiki, asubuhi kabla ya kufungua, muhesabu watu wawili: mmoja anasoma, mwingine anaandika. Chupa iliyofunguliwa ipime kwa mizani, usikadirie kwa jicho. Kisha: stoo ya mwanzo + manunuzi − stoo ya mwisho = kilichotumika. Gawanya gharama ya kilichotumika kwa mauzo, na ufanye hivyo kwa kila kundi peke yake: chupa, pipa, pombe kali. Ukijumlisha yote pamoja, kundi bovu litajificha nyuma ya zuri. Rudia wiki tatu, maana wiki moja inaweza kukudanganya kwa kosa dogo la kuhesabu.

Vya bure, vilivyomwagika na vilivyorudishwa viandikwe papo hapo kwenye karatasi ya kaunta. Na deni la mteja lisihesabiwe kama pesa iliyoingia mpaka ilipwe.

Hesabu_Haidanganyi
Kuhusu punguzo: kinywaji cha bei 100 kilichonunuliwa kwa 30 kinakuachia 70. Ukikata robo, unauza 75 na unabaki na 45. Faida iliyokuwa inatoka kwenye glasi 10 sasa inahitaji glasi 16. Jumanne yenye meza tatu haifiki huko, na wale wa Ijumaa waliokuwa wanalipa bei kamili watakunywa kwa punguzo. Kama lazima muwe nalo, liwe la saa mbili, siku zilizolala tu, na kwa kinywaji kimoja chenye faida nene.

Mwanakaunta
Nimerudi, wiki tatu zimeisha. Gharama kwa kila 100 ya mauzo: chupa 30, pipa 38, pombe kali 25. Pipa la lita 50 linatoa glasi 78 za nusu lita. Chupa ya ml 750 inatoa toti 20 za ml 30. Wahudumu wanalalamika bia ya pipa ina povu mno.

Fundi_Bomba
Hapo pamejieleza penyewe. Lita 50 ni glasi 100. Ukipoteza tano kwa povu na kubadilisha pipa, nitanyamaza. Ukipoteza 22, gharama iliyopaswa kuwa 30 inakuwa hiyo 38 yako.

Anza na joto. Mimina glasi mbili, ya pili itie kipimajoto: itafutwe 3 hadi 4°C. Bia ikipata joto, gesi inajitoa yenyewe na kuwa povu. Pipa lililofika leo lipoe angalau saa 24 kabla ya kufungwa kwenye bomba. Hapa ndipo wengi wanapokosea, hasa Ijumaa mchana mapipa yakiisha.

Angalia pia povu linakuja lini. Likiwa glasi ya kwanza tu, kipande cha mpira wa kupitishia bia kati ya friji na bomba kimepata joto, kifunikeni vizuri. Likiwa kila glasi, kagua joto, presha ya gesi na mpira wa kuzibia kwenye kiungio cha pipa. Msikimbilie kupunguza gesi: ikiwa chini mno, bia inaachia mapovu ndani ya mpira na tatizo linazidi.

Mipira isafishwe kila siku 14. Suuza kwa maji, zungusha dawa ya kosti (caustic soda) ya 2% kwa dakika 15 (bila pampu, iloweke si chini ya dakika 20), kisha suuza mpaka karatasi ya pH (inayoonyesha kama dawa bado imo) isome sawa na maji ya bomba. Dawa ndiyo inamiminwa kwenye maji, si maji kwenye dawa. Vaeni glavu na miwani. Kila miezi mitatu ongezeni dawa ya asidi, inaondoa magamba ambayo kosti haiyagusi. Vichwa vya mabomba vifunguliwe na kusuguliwa kila mara mnaposafisha.

Bomba lifunguliwe lote kwa mkupuo. Kulifungua nusu ni kutengeneza povu kwa mkono wako.

Toti_Kamili
Naingia kwenye pombe kali. 750 ÷ 30 ni toti 25, nyie mnapata 20. Maana yake ama kila toti ni ml 37.5, ama tano hazifiki kwenye bili. Msimtuhumu mtu bado. Wekeni kipimo cha chuma cha ml 30 kwa wiki mbili, kisipitwe hata na mzoefu. Ikipanda kukaribia 25, ilikuwa mikono. Ikibaki 20, sasa angalia bili zilizofutwa, droo iliyofunguliwa bila mauzo, na chupa zisizo na alama yenu. Mhudumu ahesabu pesa zake kabla ya kuonyeshwa ripoti.

Vodka ikiganda kwenye friza ya −18°C imetiwa maji mengi, maana ya 40% haigandi hapo. Maji kidogo hayataonekana hivyo. Tumia kipimo cha kilevi kwa 20°C. Kwenye pombe yenye sukari kipimo hicho hakisemi kweli.

Stoo_Kwanza
Aina 31 kwa viti 48 ni makumbusho, mkuu. Isiyomaliza chupa moja ndani ya wiki sita usiiagize tena. Pesa iliyolala kwenye rafu inatosha mipira mipya na mlango wa choo unaofunga.

Mwanakaunta
Shukrani wakuu. Kipimajoto kimesoma 9°C kwenye glasi. Fundi wa friji anakuja kesho, skrini nimeomba isubiri.

Fundi_Bomba
9? Basi presha msiiguse kabisa mpaka friji ishuke. Akimaliza, acha mapipa yapoe siku nzima, halafu hesabu glasi za pipa zima kabla hamjabadilisha kitu kingine.