Chama kiwapinge wafanyakazi wahamiaji au kiwaandikishe?

Katibu wa tawi aliuliza:

Ndugu zangu, habari za kazi. Naongoza tawi la chama cha wafanyakazi katika sekta ya ujenzi. Katika mikutano ya karibuni wanachama wamedai chama kiishinikize serikali isitoe tena vibali vya kazi kwa wageni, kwa kuwa wakandarasi huwalipa wageni chini ya mkataba wetu wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na waajiri kuhusu malipo na masharti ya kazi, kisha hutuambia kwamba tukiyakataa masharti wapo watakaoyakubali. Malalamiko hayo ni ya kweli na sithubutu kuyapuuza. Hata hivyo, siamini kwamba kumfungia mgeni mlango kutamzuia mwajiri kutafuta nguvukazi rahisi. Vyama vya nchi nyingine vilifanya nini, na matokeo yakawaje?

Mkufunzi wa elimu ya wafanyakazi alijibu:

Ndugu Katibu, njia wanayoitaka wanachama wako ilikwisha kujaribiwa Marekani. Mwaka 1986 shirikisho la vyama vya wafanyakazi la AFL-CIO liliunga mkono sheria ya kuwaadhibu waajiri wanaowaajiri wahamiaji wasio na vibali, likitarajia kwamba ajira hizo zingekoma. Hazikukoma. Mwajiri ndiye aliyepata silaha mpya, maana wafanyakazi hao walipoanza kujiunga na chama aliweza kuwatishia kwa hati zao au kuwaita maofisa wa uhamiaji. Februari 2000 shirikisho lilibadili msimamo na kutaka mfumo huo wa adhabu ufutwe na wahamiaji hao wahalalishwe.

Wachimba madini wa Afrika Kusini walishika njia nyingine. Chama cha NUM kilipoundwa mwaka 1982, migodi ya dhahabu iliwategemea mno wanaume waliotoka Lesotho, Msumbiji na kwingineko. Chama kiliwaandikisha katika mabweni ya kampuni walimoishi, bila kuuliza pasipoti, na rais wake wa kwanza, James Motlatsi, alikuwa mtu wa Lesotho. Mgomo mkubwa wa mwaka 1987 usingewezekana kama wachimbaji hao wangeachwa nje ya chama.

Kwa maoni yangu, kinachowaumiza wanachama wako ni tofauti ya malipo, pamoja na kibali kinachomfunga mgeni kwa mwajiri mmoja, hata akidhulumiwa hawezi kuondoka. Dai mkataba wa hali bora umhusu kila anayefanya kazi katika mradi, wakiwemo walioajiriwa na wakandarasi wadogo, na dai kibali kinachoruhusu kubadili mwajiri.

Mwanasheria wa kazi alijibu:

Naongeza upande wa sheria. Mkataba Na. 87 wa mwaka 1948 wa Shirika la Kazi Duniani unawapa wafanyakazi wote haki ya kuunda chama na kujiunga nacho, bila ubaguzi wowote. Na. 97 wa mwaka 1949 unadai mhamiaji aliyeingia kihalali asitendewe vibaya kuliko raia katika malipo na uanachama. Angalia kwanza kama nchi yako imeiridhia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1990 unamruhusu kila mhamiaji kujiunga na chama, lakini haki ya kuunda chama unawapa wale tu wenye hati halali, na naliona hilo kuwa pengo kubwa. Huko Korea Kusini, chama cha wahamiaji kilichoundwa mwaka 2005 kilinyimwa usajili hadi mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilipokipa haki mwaka 2015.

Katibu wa tawi:

Nawashukuru sana. Tatizo linalobaki ni kwamba wengi hukaa muda mfupi, wana madeni ya wakala wa ajira, na wanaogopa kuonekana karibu na ofisi yetu. Nitawaombaje ada?

Mratibu wa wafanyakazi wahamiaji alijibu:

Ndugu yangu, usianze na ada. Ujerumani, chama cha wajenzi IG BAU kilianzisha mwaka 2004 chama maalumu kwa ajili ya wahamiaji, nacho kikapata wanachama wachache kuliko ilivyotarajiwa, maana mtu wa msimu mmoja haoni sababu ya kulipia faida ya miaka ijayo. Anachohitaji ni mtu wa kumsomea mkataba kwa lugha yake na kumdaia mshahara uliozuiliwa. Akishalipwa, wenzake watakuja wenyewe.

Kuhusu deni, Mkataba Na. 181 wa mwaka 1997 wa Shirika la Kazi Duniani unakataza wakala kumtoza mfanyakazi, isipokuwa pale serikali inaporuhusu kwa sababu maalumu. Ukiukwaji wake huanzia kule wanakotoka, kwa hiyo utafute chama cha nchi hiyo mshirikiane. Shirikisho la GEFONT la Nepali, kwa mfano, limejenga vikundi vya msaada miongoni mwa raia wake walio ughaibuni, na mtu aliyekwisha kuzungumza na chama kabla ya kusafiri hatakiogopa akifika.

Tena mkutane siku ya mapumziko, mahali wanapoishi, mbali na macho ya msimamizi. Orodha ya majina yao isitoke mikononi mwa chama, wala makato ya ada yasipitie kwa mwajiri mpaka wao wenyewe wakubali.