Mada: Kirchensteuer (kodi ya kanisa Ujerumani), Austritt (kujitoa kanisani) na wokovu, naombeni msaada

Dada wa Stuttgart:
Shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Nimefungua salari slipu ya kwanza nakuta KiSt, yaani hiyo Kirchensteuer, imekatwa, kumbe kwenye Anmeldung (kuandikisha makazi) nilijaza evangelisch (Mprotestanti), mi nilidhani wanauliza tu. Nikamwambia bi mkubwa nataka kufanya Austritt, akalia, anasema ukitia saini kwa serikali kwamba umetoka kanisani umejifuta mwenyewe kwenye kitabu cha uzima. Halafu Desemba nafunga ndoa Moshi na mchungaji wetu wa KKKT (Kilutheri) anataka barua kuwa mimi ni msharika huku. Nikitoka hiyo barua naipata wapi? Aliyepitia aniambie.

Mdau Berlin:
Pole mdogo wangu. Usitishike, ni asilimia 9 ya kodi ya mapato sio ya mshahara. Mi nilienda Amtsgericht (mahakamani) na kitambulisho, euro 30, nikatoka zangu. Mbinguni sijaulizwa bado.

Baba Wawili:
Mdau soma kwanza ndo ujibu. Dada yuko BaWü (jimbo la Baden-Württemberg), huko ni asilimia 8 na unaenda Standesamt (ofisi ya vizazi na ndoa) sio Amtsgericht. Bayern pia 8.

Mlokole wa Hamburg:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa! Waefeso 2:8, tumeokolewa kwa neema, hakuna mahali imeandikwa Finanzamt (ofisi ya kodi). Mi nimetoka kitambo, nasali freikirche (kanisa huru), hakuna kodi, natoa fungu la kumi langu kwa furaha na amani tele.

Mdau Berlin:
Fungu la kumi la mshahara mzima? Si ungebaki tu mpendwa ukatwe hiyo 9 ya kodi 😂

Mzee wa Kanisa:
Vijana, mnachanganya mambo. Luther mwaka 1517 aligombana na watu waliouza vyeti vya msamaha, na sisi Walutheri tunashika Warumi 3:28, kuhesabiwa haki kwa imani. Kwa hiyo mama yako mwambie ubatizo haufutwi na karani. Lakini neema isiwe kisingizio cha ubahili, hizo chekechea za kanisa mnazopeleka watoto zinaendeshwa na nini? Yakobo naye yumo kwenye Biblia hiyohiyo, imani bila matendo imekufa.

Mama wa Köln:
Nyie Walutheri mna nafuu. Sisi Wakatoliki maaskofu wa hapa walitoa waraka 2012, ukifanya Austritt hukomuniki, huungami isipokuwa uko kufani, huwi msimamizi wa ubatizo. Yaani Augsburg 1999 Roma na Walutheri walisaini kabisa kwamba kwenye kuhesabiwa haki wanaelewana, ni neema, halafu mimi sakramenti inapitia kwenye salari slipu. Hili linaniuma na kodi nalipa bado.

Baba Wawili:
Kwani nyumbani hulipi? Bahasha ya ahadi, bahasha ya jengo, bahasha ya mavuno, usipotoa mzee wa mtaa anakuja sebuleni.

Mama wa Köln:
Ila nyumbani kuna mnada baada ya ibada jamani. Mkungu wa ndizi, jogoo kafungwa miguu, yai moja linanunuliwa linarudishwa linauzwa tena mpaka watu wanacheka. Hapa ibada ikiisha tunapeana mikono mlangoni, vikongwe kumi na baridi yao.

Mdau Berlin:
Na waheshimiwa nao mwaka wa uchaguzi wanajaa mnadani, yai wananunua laki. Miaka minne iliyobaki hata kwaya hawaijui.

Mzee wa Kanisa:
Siasa hapana. Tuheshimu nyumba ya Bwana.

Mdau Berlin:
Mzee, nani kaanza kuingia na king'ora katikati ya mahubiri, mimi?

Baba Wawili:
Basi bwana. Ambao mnabaki, Kirchensteuer ijazeni kwenye Sonderausgaben (matumizi maalum) ya fomu za kodi, inapunguza kodi ya mapato. Mlokole, za freikirche nazo zinaingia kama Spenden (michango), ila omba risiti, usije na habari za furaha na amani.

Mlokole wa Hamburg:
Risiti ninazo. Fomu gani hiyo, ile kuu, Mantelbogen?