Altezza yangu inaenda track mara ya kwanza, hela niiweke wapi?

kijana_wa_nyegezi
Wakuu habari za jioni. Nipo Mwanza, Nyegezi, natembelea Toyota Altezza RS200 manual, ile yenye injini ya 3S-GE. Washkaji wa Kenya wametualika siku ya track, yaani uwanja wa mbio za magari, kule upande wa Athi River mwezi ujao, sio mashindano, watu wanaingia kwa zamu wanazunguka wanajifunza, hamna wa kwanza wala wa mwisho. Mimi track sijawahi kuikanyaga, mbio zangu zote ni lami ya Musoma. Fundi wangu anasema nifunge eksozi kubwa na filta ya wazi, laki nane kila kitu. Nikitoa mafuta na pa kulala nabaki na milioni moja na kidogo. Niifanyie hivo au kuna la maana zaidi? Na mimi mwenyewe nijiandae vipi, maana nikiwa mkweli naogopa. Alafu gari hiyo hiyo ndo inatakiwa inirudishe nyumbani.

mzee_wa_GX110
Mdogo wangu eksozi achana nayo. Hiyo gari ina nguvu za kukutosha leo na safari kumi zijazo. Hela peleka kwenye breki, na kwenye breki anza na kitu cha bei ndogo kuliko vyote, mafuta ya breki.

Yale mafuta yananyonya unyevu wa hewani taratibu mwaka hadi mwaka. Kwa viwango, DOT 3 (DOT ni daraja la mafuta ya breki) mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 lakini ikishanyonya maji inaweza kushuka mpaka 140, DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikishanyonya. Hapa mjini hata ukishuka kilima cha Bugando na foleni breki zinapata muda wa kupoa, track hamna huo muda, unakanyaga kwa nguvu, unaingia kona, unatoka, unakanyaga tena, dakika kumi na tano mfululizo. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke na mvuke unabonyea, kwaiyo unakanyaga pedali inashuka tu na gari haipungui.

Mimi ilinikuta siku yangu ya kwanza. Mzunguko wa nne pedali ikaanza kuwa laini kama nakanyaga mkate, mzunguko wa tano ikaenda mpaka kwenye kapeti. Nikapampu mara tatu haraka ikashika kidogo, gari ikaishia kwenye nyasi, namshukuru Mungu pale palikuwa pana nafasi. Tulipofungua nipo za breki, vile vinati vya kutolea upepo, yakatoka mafuta meusi kama chai ya rangi iliyolala. Mwezi mmoja kabla nilikuwa nimefunga rimu mpya nikajiona nimemaliza.

Nunua DOT 4, kopo lisilofunguliwa, usikubali lile nusu lililokaa kwenye kabati la gereji. DOT 5 usiguse, ni ya silikoni haichanganyiki na haya. Fundi atoe upepo kwenye breki za magurudumu yote manne mpaka mafuta yatoke masafi, na wewe simama hapo hapo uangalie. Pedi zikiwa chini ya nusu badilisha, mapema, uzizoeshe barabarani kabla ya safari.

Alafu piga jeki, shika tairi juu na chini utikise, ikicheza ujue ni beringi au boljointi, shika kushoto na kulia ikicheza cheki tai rodi. Injini oili iwe kwenye alama ya juu kwenye kijiti ila isizidi, maana kwenye kona ndefu oili inakimbilia upande mmoja.

dada_capripoint
Kaka yangu hapo juu kamaliza ya gari, mimi niongelee ya kwako. Kiti kwanza. Mgongo ukiwa umegusa kiti, nyosha mkono juu ya usukani, kiganja kikining'inia mbele na kifundo kikikaa juu ya usukani upo sawa. Klachi ukiikanyaga mpaka mwisho goti bado liwe limekunjika.

Toa kila kitu ndani, spea, jeki, chupa za maji, na kapeti ya miguu ya dereva, hiyo ndo watu wanaisahau na ndo inayoingia chini ya pedali. Vaa pamba mikono mirefu, viatu vya soli nyembamba.

Bendera uzijue kabla hujalala: njano punguza usiovateki, nyekundu wote mnapunguza mnarudi pit, pale pembeni magari yanaposimama, bluu nyuma yako kuna mwenye kasi mpishe, nyeusi unaitwa wewe uingie pit, ya miraba kama drafti muda umeisha. Na breki maliza wakati usukani umenyooka. Ukiingia kona na kasi ukashtuka ukaachia mafuta ghafla, mkia unakuja mbele, hasa gari inayosukuma nyuma kama yako. Uoga wako ni mzuri, nenda nao.

Mzunguko wa mwisho tembea taratibu upooze breki, na ukipaki usivute hendibreki, weka gia na jiwe kwenye tairi.

mdau_igoma
Soma bima yako, hata bima kubwa kwa kawaida inaondoa mashindano na track. Na kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya kuvukia nchi nyingine, ukate kabla ya Sirari mpakani.

kijana_wa_nyegezi
Nimewaelewa wakuu, eksozi nimefuta. Upepo wa tairi niweke ngapi?

mzee_wa_GX110
Anza na wa kwenye kibandiko cha mlangoni, tairi zikiwa baridi. Ukitoka zamu ya kwanza pima hapo hapo, utakuta umepanda, toa kidogo kidogo mpaka tairi zikae sawa. Jioni kabla ya kuanza safari ujaze tena, usisahau hilo. Nati za tairi rudia kuzikaza kila zamu zikishapoa, kwa Toyota nyingi ni 103 Nm, azima torki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza.

kijana_wa_nyegezi
Mrejesho: leo nimeshinda gereji. Mafuta ya breki yalitoka kahawia na tairi ya nyuma kushoto yalitoka na mapovu. Pedi za mbele zilibaki milimita tatu, nimeweka mpya. Boljointi ya kulia ilikuwa inacheza, na mimi nimeendesha nayo mpaka Bunda wiki iliyopita! Sasa hivi pedali ni fupi na ngumu, mpaka fundi mwenyewe kakubali. Hela imebaki ya kuazima helmeti na kununua pedi za akiba. Wabeja sana, nikirudi naweka picha za pedi mzione zilivyoisha.