Feni ya kompyuta inavuma wakati wa kuhariri picha: kusafisha, kupunguza kasi, au kununua nyengine?

MpigaPicha_Malindi

Assalaam alaykum. Naomba ushauri wenu juu ya jambo linaloitatiza kazi yangu. Ninapiga picha za harusi na za nyumba za wageni, na ninazihariri kwa programu ya Lightroom Classic kwenye laptopu yenye kichakataji cha Intel cha kizazi cha 10, RAM ya GB 16 na kadi ndogo ya michoro. Ninapopitia picha moja moja, feni husikika kwa mbali tu. Lakini nikianza kuzitoa picha mia kadhaa kutoka RAW (faili ghafi la kamera) kwenda JPEG, au nikitumia zana ya kuondoa chengachenga kwa akili bandia, feni huvuma mfululizo mpaka kazi imalizike. Chumba chetu kimo ghorofani katika nyumba ya Mji Mkongwe, ni chembamba, na ninakitumia pamoja na mwenzangu anayerekodi masimulizi na matangazo. Uvumi huo unaingia kwenye maikrofoni yake, kwa hivyo kila siku mmoja wetu hana budi kumsubiri mwenzake.

Nimeelezwa njia nne, na kila aliyenieleza ameisifu ya kwake: kuifungua laptopu ikasafishwa na kupakwa grisi mpya ya joto; kununua kibao chenye feni cha kuiwekea; kuiuza na kununua laptopu isiyo na feni kabisa; au kuhamia kompyuta ya mezani yenye feni kubwa. Kiyoyozi hatuna. Nawaomba wenye uzoefu mzilinganishe njia hizi kwa hali ya hewa yetu na umeme wetu, kwani maelezo mengi ninayoyasoma yameandikwa na watu wa nchi za baridi.

Fundi_Darajani

Waalaykum salaam, dada yangu. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, isikilize sauti yenyewe ni ya aina gani, maana tiba zake ni mbalimbali. Ikiwa ni uvumi wa hewa unaopanda na kushuka kwa kufuata kazi, feni ni nzima na inatimiza wajibu wake. Tatizo ni joto. Ikiwa ni mkwaruzo, au mlio wa kugonga, au sauti inayosikika hata kompyuta ikiwa imetulia, basi beringi imekwisha au bapa la feni linagusa kitu. Hapo hakuna setingi itakayosaidia. Ni kubadilisha feni.

Kwa maelezo yako naona ni hiyo ya kwanza. Kompyuta za huku kwetu nikizifungua, mara nyingi sikuti vumbi kavu la kupeperuka. Hewa ya bahari ina unyevu na chumvi, na vumbi likichanganyika nayo hugandamana baina ya feni na mapezi ya kupozea likawa kama kipande cha zulia, hewa isipite. Feni inazunguka kwa nguvu zake zote na upepo unaotoka ubavuni ni haba. Weka kiganja penye matundu ya kutolea hewa wakati unatoa picha: uvumi mkubwa pamoja na upepo mdogo ni dalili ya njia iliyoziba.

Ukimpa fundi kazi hii, simama uangalie. Chaja ichomolewe, na betri itenganishwe na bodi kabla ya kuguswa kitu kingine chochote. Feni ishikiliwe kwa kijiti isizunguke wakati wa kupuliza, kwani ikizungushwa kwa upepo mkali huweza kuharibika beringi. Grisi kongwe ifutwe kwa spiriti ya isopropili mpaka uso wa kichakataji ung'are, kisha ipakwe mpya kidogo tu, ya kutosha kujaza mianya. Zile pedi laini zilizo juu ya chipu za kumbukumbu zisitupwe na kuwekwa grisi mahali pake, kwa sababu nafasi iliyopo pale ni pana na grisi haiwezi kuiziba. Nakuomba sana pia usikubali kompyuta ikapulizwe kwa kompresa ya gereji. Hewa yake hubeba maji na mafuta ya mashine, na unyevu ukibaki ndani huzaa kutu ambayo hutaiona mpaka siku bodi itakapokataa kuwaka.

Maalim_Mwanakwerekwe

Fundi amesema kweli, nami naongeza hesabu iliyomo ndani yake, kwa sababu ninasomesha fizikia skuli na naona watu wengi wananunua vifaa bila ya kuijua.

Kipozeo cha feni hakiwezi kukishusha kichakataji chini ya joto la chumba. Kinachoweza ni kupunguza tofauti iliyopo baina ya viwili hivyo. Tuseme kwa kazi fulani kichakataji hukaa nyuzi 60 juu ya joto la chumba. Wakati wa kaskazi, chumba kikiwa na nyuzi 32, kitafika 92. Wakati wa kipupwe, chumba kikiwa na nyuzi 25, kitafika 85, ilhali kasi ya feni ni ile ile. Vichakataji vingi vya laptopu vya Intel hujipunguzia kasi vinapokaribia nyuzi 100, na feni hukimbizwa mapema ili hali hiyo isifikiwe. Ndiyo maana kompyuta inayosifiwa kwa utulivu huko Ulaya inaweza kuvuma ikiletwa Unguja mwezi wa Februari, bila ya kuwa na kasoro yoyote.

Sauti nayo haipandi sawa na kasi. Kwa kanuni wanayoitumia wahandisi wa feni, kuongeza mzunguko mara mbili huongeza hewa mara mbili, lakini huongeza sauti kwa desibeli 15 hivi, na sikio la binadamu huhisi ongezeko la desibeli 10 kuwa ni takriban mara mbili ya ukubwa wa sauti. Kwa kugeuza hesabu hiyo, ukiipunguza kasi ya feni kwa robo moja tu, unapata desibeli 6 za utulivu.

Kwa hivyo kuna njia ya tano, nayo ni ya bure: kupunguza joto linalozalishwa. Umeme unaotumiwa na kichakataji hufuata kasi yake ikizidishwa kwa mraba wa volti, na zile kasi za juu kabisa haziji ila kwa kuongezewa volti. Sehemu ya mwisho ya kasi ndiyo inayogharimu joto jingi kuliko zote. Katika mipangilio ya umeme ya Windows, ukikiteremsha kiwango cha juu cha kichakataji kutoka asilimia 100 hadi 99, kompyuta nyingi za Intel huacha kupanda juu ya kasi yao ya msingi. Picha zitachelewa kutoka, na hilo nakueleza mapema usije ukashangaa, lakini feni itatulia sana. Kupunguza volti yenyewe kulikuwa njia nzuri zaidi, ila baada ya udhaifu wa kiusalama uitwao Plundervolt kutangazwa Disemba 2019, watengenezaji wengi waliufunga mlango huo katika laptopu zao.

Ndani ya Lightroom, simamisha utafutaji wa nyuso unaoendelea kwa chinichini ikiwa huuhitaji. Hariri kwa kutumia nakala ndogo mahiri (Smart Previews), ambazo upande wao mrefu una pikseli 2560, badala ya kuilazimisha programu ifungue RAW nzima kila unapogusa kitelezi. Zana ya kuondoa chengachenga uliyoitaja huitegemea zaidi kadi ya michoro, kwa hivyo teremsho la kichakataji halitainyamazisha yote. Hiyo ipangie wakati mwenzako hayupo kwenye maikrofoni.

Binti_Paje

Mimi ninahariri picha za mchezo wa tiara za baharini, na nilihamia MacBook Air yenye chipu ya M1, ile iliyotoka mwishoni mwa 2020. Haina feni hata moja, kwa hivyo hakuna cha kuvuma. Kuna faida nyengine ambayo sisi watu wa pwani tunapaswa kuizingatia zaidi kuliko wengine: kompyuta isiyo na feni haivuti hewa ya chumvi na mchanga ikaipitisha ndani ya mwili wake kutwa nzima.

Niseme na upungufu wake. Kazi ikiwa fupi, inaenda kwa kasi kamili. Ikiwa ndefu, joto hujikusanya, na kompyuta hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kwa picha za siku moja ya baharini sioni taabu. Kwa harusi nzima, yenye picha mia nyingi mfululizo, utaiona ikipungua kasi kadiri kazi inavyoendelea. Na ukinunua, nunua yenye GB 16, kwa sababu RAM yake haiongezeki baadaye.

Mhariri_Wete

Namheshimu dada wa Paje, lakini kwa mtu wa harusi nitaipendelea kompyuta ya mezani, na hesabu ya Maalim inaniunga mkono. Feni ya laptopu ni ndogo na nyembamba, hailazimishi hewa kupita ila kwa kuzunguka mbio. Kisanduku cha mezani kinachukua feni za milimita 120 au 140, ambazo kwa mzunguko wa polepole hupitisha hewa nyingi. Ukiziweka feni mbili za aina moja zikazunguka kwa nusu ya kasi badala ya moja kwa kasi kamili, kila moja inapungua desibeli 15, na kuwapo kwa mbili kunarudisha desibeli 3 tu; hewa inakaribia kuwa ile ile na utulivu umepata desibeli 12. Chagua feni zenye pini 4, kasi yao hudhibitiwa vizuri na bodi, na uweke chujio mbele lenye kutoka kwa urahisi, kwani lisilotoka halioshwi.

Suala la umeme nalo lisipuuzwe. Pemba tunapata umeme kutoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, na nyinyi wa Unguja mnaupata kutoka Dar es Salaam kwa njia kama hiyo. Laptopu ina betri yake. Kompyuta ya mezani umeme ukikatika katikati ya kazi inazimika hapo hapo, na katalogi ya picha inaweza kuharibika. Kwa hivyo bei ya UPS, yaani betri ya akiba inayoshikilia umeme ukikatika, iingize katika hesabu tangu mwanzo, si baadaye.

Faida nyengine ya mezani ni kwamba unaweza kuiweka chumba cha pili kabisa. Waya wa kawaida wa USB 2.0 unakwenda hadi mita 5, na waya wa HDMI wa urefu huo unapatikana. Kuta za Mji Mkongwe za mawe na chokaa ni nene na huzuia sauti vizuri, lakini si za kutobolewa ovyo; pitisha waya juu ya mlango.

MpigaPicha_Malindi

Nawashukuru nyote. Nimeweka kiganja kama alivyoelekeza Fundi, na upepo ni haba kwa kweli. Nina masuali mawili. Laptopu ninaiweka ndani ya shubaka la ukutani kwa sababu chumba hakina nafasi ya meza kubwa, nikatumia skrini ya nje. Je, hilo lina athari? Na mbona hakuna aliyekitaja kile kibao chenye feni?

Fundi_Darajani

Shubaka lina athari kubwa, dada yangu. Limezibwa pande zote isipokuwa mbele, kwa hivyo hewa ya moto inayotoka ubavuni hugonga ukuta na kurudi kuvutwa tena na feni. Laptopu inapumua joto lake yenyewe. Itoe leo, iweke mahali pa wazi, na uinyanyue sehemu ya nyuma kwa vijiti viwili ili matundu ya chini yapate hewa.

Kibao sikukitaja kwa sababu kinataka kuondoa kelele kwa kuongeza feni nyengine. Kinasaidia kwa laptopu inayovuta hewa kutoka chini, na husaidia kidogo. Ikiwa njia ya ndani imeziba, hakisaidii kitu. Kunyanyua kwa vijiti kunakupa sehemu kubwa ya faida hiyo, bila ya mlio.

Msimulizi_Ngambo

Mimi ni mtu wa maikrofoni, nazungumza kwa niaba ya mwenzako. Maikrofoni nyingi za kurekodia sauti ya mtu husikia mbele na ni dhaifu kabisa kwa nyuma. Mwambie akae ili mgongo wa maikrofoni uelekee kompyuta moja kwa moja, na aisogelee kwa kinywa, ili aweze kuteremsha kiwango cha kupokea. Kuta zenu za chokaa na sakafu ya saruji hurudisha sauti kila upande, kwa hivyo pazia zito nyuma yake na mkeka au busati sakafuni vitapunguza mwangwi, ambao ndio unaoileta sauti ya feni hata pale kompyuta isipomkabili. Programu za kusafisha sauti zipo, lakini uvumi unaopanda na kushuka huzisumbua kuliko uvumi wa kiwango kimoja. Hiyo ni sababu nyengine ya kuifuata ile asilimia 99.

MpigaPicha_Malindi

Basi nimepanga hivi. Laptopu nimeshaitoa kwenye shubaka, na itasafishwa kabla ya kaskazi kuingia. Kichakataji nitakiteremsha saa za kurekodi na kukirudisha wakati mwenzangu hayupo. Ya mezani nitaiwekea akiba pamoja na UPS yake, na nimeiridhia kuliko isiyo na feni, kwa sababu harusi zangu ni kubwa na RAM nitahitaji kuiongeza.

Maalim_Mwanakwerekwe

Mpango mzuri. Chukua picha zile zile, takriban hamsini za RAW, uzitoe kabla ya kusafisha na baada ya kusafisha, saa ile ile ya mchana na madirisha yakiwa katika hali ile ile. Andika muda uliotumika na joto la juu la kichakataji. Sauti unaweza kuipima kwa simu ikiwa imewekwa mahali pamoja mara zote mbili. Simu haitakupa desibeli za uhakika, lakini tofauti baina ya vipimo viwili itakuonesha. Ikiwa baada ya kusafisha joto limeshuka na sauti haikushuka, turejee kwenye beringi.