Ripoti inasema wasomaji wetu wako Dar, na sisi tuko Dodoma. Naomba msaada kabla ya kikao cha bajeti

MkutubiMakole

Wadau wa maktaba na TEHAMA, habari za kazi.

Mimi ni mkutubi katika chuo kimoja hapa Dodoma mjini. Tovuti ya maktaba yetu ina katalogi ya Koha (programu ya kuendeshea maktaba), orodha ya vitabu vipya na mitihani ya miaka iliyopita. Imefungwa Google Analytics, huduma inayohesabu wageni wa tovuti, kazi iliyofanywa na kijana ambaye alishahamia kituo kingine.

Mkuu wangu wa idara ameichapa ripoti na kuipeleka kwenye kamati ya bajeti. Mji unaoongoza kwa wageni ni Dar es Salaam, Dodoma iko chini kabisa, na wapo hata wa Ulaya. Tena kilele cha wageni ni kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Kwa hiyo anasema ombi langu la kufungua ukumbi hadi usiku halina msingi: wasomaji wako mbali, na wachache waliopo wanaingia asubuhi wakati tayari tuko wazi.

Mimi ndiye ninayekaa kaunta. Kila siku vijana wa Nkuhungu na Ilazo, mitaa ya hapa Dodoma, wanakuja na simu mkononi, ukurasa wa katalogi uko wazi, wananionyesha namba ya rafu: "Dada, hiki kiko upande gani?" Hao ndio wageni wa tovuti, nawajua kwa sura. Jioni tukifunga wanabaki wamekaa kwenye ngazi za nje wakivuta Wi-Fi.

Hiyo ripoti inawezaje kutowaona? Na nimweleze vipi mkuu bila kuonekana nabishana naye?

FundiSeva

Dada, pole kwa presha ya kikao. Ripoti haijakosea kuhesabu, ila mji na saa vinasomwa kama vitu ambavyo sivyo.

Mji unakisiwa kutokana na anwani ya IP, yaani namba inayokitambulisha kifaa au mtandao kwenye intaneti. Kijana akiwasha data akiwa Ilazo, mawasiliano yake yanatokea kwenye mitambo ya kampuni ya simu, na anwani hizo mara nyingi zimeandikishwa Dar. Yeye yuko Ilazo, ripoti inamweka Dar. Hata intaneti ya chuo inaweza kusomeka hivyo kama mtoa huduma wenu ana makao yake huko. Wale wa Ulaya, angalia kwanza wanatumia kivinjari gani. Opera Mini hupitisha kurasa kwenye seva zake ili kubana data, na wanafunzi wanaipenda kwa kuokoa bando. Mtumiaji wake anaweza kuonekana yuko kule ziliko seva.

Mkuu mwonyeshe mkiwa mmekaa meza moja. Zima Wi-Fi ya simu yako, washa data, fungua ukurasa ambao watu hawaufungui, kwa mfano ule wa viwango vya faini. Kisha fungueni ripoti ya wakati halisi, inayoonyesha dakika 30 zilizopita, mtafute ukurasa huo umehesabiwa mji gani. Mimi nimelifanya hili nikiwa Nyerere Square hapa Dodoma na laini za kampuni tofauti, zote zikasomeka Dar.

Halafu saa. Ingia kwenye mipangilio ya "property", yaani sehemu ya tovuti yenu ndani ya akaunti ya Google Analytics, uangalie saa za eneo. Akaunti nyingi huachwa kwenye saa za Los Angeles. Tofauti na sisi ni saa 10 au 11 kufuatana na majira yao. Kama ndivyo, hiyo saa mbili hadi saa nne asubuhi ni saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku hapa Dodoma.

MwanaHombolo

Pia chuja IP ya chuo isihesabiwe kwenye ripoti. Kompyuta za ukumbini nyingi zikiwashwa zinafungukia tovuti ya maktaba, kila ikiwashwa inahesabiwa.

FundiSeva

MwanaHombolo, hapo kuna hatari. Vyuo vingi vinatoka kwenye intaneti kwa anwani moja ya IP. Ukiichuja, unafuta na wanafunzi wote walio kwenye Wi-Fi ya chuo, na data iliyochujwa hairudi. Afadhali kompyuta za ukumbini ziwekewe anwani ya kuanzia yenye alama, mwishoni iongezwe utm_source=ukumbi, ili ziara zake zisomeke peke yake.

MkutubiMakole

Nimeangalia. Ni Los Angeles! Nimekaa nikaitazama ile skrini kwa muda. Yaani kile kilele chote ni wale vijana wa kwenye ngazi. Nimebadilisha ziwe saa zetu, ingawa naona data ya nyuma haijirekebishi. Jaribio la simu tumelifanya na mkuu ofisini kwake, akaona mwenyewe tumehesabiwa Dar. Amekubali ajenda yangu irudi. Asante sana kaka.

Sasa ameshika lingine: wageni wengi wanafungua ukurasa mmoja tu na kuondoka. Anasema hawapendi tovuti.

MamaRafu

Mwanangu, hongera kwa kuwapigania wasomaji wako. Nimefanya kazi ya ukutubi tangu enzi za kadi kwenye droo, na hili linanigusa.

Msomaji anayefungua kitabu kwenye katalogi, akachukua namba ya rafu na kuondoka, amehudumiwa kikamilifu. Google Analytics ya sasa yenyewe inahesabu ziara kuwa ya maana ikizidi sekunde 10, au ikifungua kurasa mbili, au likitokea tukio mlilolipa uzito. Maelezo mengi mtandaoni bado ni ya toleo la zamani, lililoacha kupokea data Julai 2023, kwa hiyo angalieni mnasoma ya lini.

Lakini mimi ningekuomba uache kidogo hesabu za wageni wangapi na wa wapi, ufungue maneno waliyoandika kwenye kisanduku cha kutafuta. Koha hubeba neno la utafutaji kwenye anwani ya ukurasa kwa herufi q, na Google Analytics huitambua herufi hiyo bila kuongezewa kitu, ilimradi upimaji wa utafutaji umewashwa. Chukua yale yanayojirudia, uyaandike mwenyewe kwenye katalogi moja moja, uone yapi yanarudi mikono mitupu.

Mimi nilipofanya hivyo niliumia. Watu walikuwa wanatafuta "kilimo cha zabibu", "uwele", "mtama", na katalogi inasema hakuna. Vitabu vipo! Vipo rafuni, ila vimeorodheshwa kwa vichwa vya mada vya Kiingereza. Mtoto wa Dodoma, mji wa zabibu, kituo cha utafiti kiko hapo Makutupora, anaandika zabibu na maktaba inamjibu haina. Akiondoka hapo, takwimu inamwita mgeni wa ukurasa mmoja.

Tulichofanya ni kuingiza neno la Kiswahili kwenye rekodi ya kitabu, uga wa 653, ambao ni wa maneno huru. Hauhitaji kibali cha mtu, na utafutaji wa kawaida unalikuta.

MkutubiMakole

Mama, shikamoo. Nimekaa na maneno hayo leo mchana. "Ukame" hakuna jibu. "Ushirika" hakuna. "Bajeti ya halmashauri" hakuna, na tuna kabati zima la fedha za serikali za mitaa. Nimeanza na kabati hilo.

Swali la mwisho: Koha ina jedwali la search_history lenye neno na idadi ya majibu. Nikitoa yenye majibu sifuri nitaokoa muda. Kuna ubaya?

MamaRafu

Marahaba mwanangu. Jedwali hilo linashika walioingia kwa akaunti zao, na kila neno limeandikwa pamoja na namba ya msomaji. Toa neno, idadi na tarehe tu, namba ya msomaji usiiguse wala usiipeleke kwenye kamati. Kijana anayetafuta habari za ugonjwa wake asijulikane na mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inazihusu taarifa hizo. Fundi wenu apange cleanup_database, programu ya usafi ndani ya Koha, iwe inafuta historia hiyo kila baada ya muda. Kama chuo kina seva yake, mfikirie pia Matomo, programu nyingine ya kuhesabu wageni wa tovuti: data inabaki kwenu na anwani za IP zinaweza kukatwa mwishoni.

Endelea na kabati la fedha. Ukimaliza, fanya la kilimo, mvua zikikaribia ndipo wanalitafuta zaidi.